CG125 ya zamani: spidomita imekufa, fundi anasema dashibodi nzima ibadilishwe

Kwa_Ndevu

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Pikipiki ni Honda CG125 ya zamani, breki ya mbele ni ya dramu, tairi la mbele 2.75-18. Spidomita ni ya mshale, inaendeshwa na kebo inayotoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele. Mshale umelala kwenye sifuri na namba za kilomita zimeganda. Kabla ya hapo mshale ulikuwa unachezacheza: mwendo ni uleule, wenyewe unapanda hadi 50, unashuka hadi 30. Kisha tairi la mbele likafunguliwa kuzibwa pancha, na kuanzia siku hiyo kimya. Taa ya kumulika namba za spidomita usiku inawaka kama kawaida.

Fundi hajafungua kitu, kasema tu ninunue dashibodi nzima. Nauliza:

1. Nitajuaje kilichokufa ni kebo, ni gia ya kwenye tairi au ni saa (spidomita) yenyewe?
2. Nikienda Kariakoo kutafuta spea, niangalie nini nisibambikiwe?
3. Kwa sasa nitajuaje mwendo wangu? Bagamoyo Road tochi za trafiki za kupima mwendo hazilali.

Spana_Kumi

Mkuu, pesa iache mfukoni kwanza. Na hiyo taa isikuchanganye: inakula umeme, haina uhusiano na mshale. Spidomita ya kebo haihitaji umeme wa pikipiki hata kidogo.

Ukijua inavyofanya kazi, nusu ya jibu umeshapata. Kebo inazungusha sumaku iliyo ndani ya saa. Juu ya sumaku kuna kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani nayo. Sumaku ikizunguka inazalisha mkondo wa umeme ndani ya aluminiamu, na mkondo huo unakivuta kikombe kiifuate. Springi nyembamba kama unywele inakirudisha nyuma. Mvutano wa sumaku na wa springi ukilingana, mshale unatulia hapo. Kilomita ni habari nyingine: mhimili uleule wa sumaku una meno ya skrubu yanayosukuma gia ndogo, na gia hizo ndizo zinazogeuza namba. Yaani mshale unavutwa na sumaku, kilomita zinasukumwa na meno.

Kwa hiyo:

Vyote viwili vikifa pamoja, kama kwako, kinachoingia kwenye saa hakizunguki. Tatizo ni kebo au gia ya tairini.

Kilomita zinatembea lakini mshale umelala, ugonjwa uko ndani ya saa: mshale umelegea kwenye pini yake, springi imenasa au kikombe kimekwama.

Mshale mzima lakini kilomita zimeganda, gia ya plastiki ya namba imepasuka au imekatika meno.

Mshale unachezacheza, kebo ni kavu au imekunjwa mahali. Waya wa ndani unang'ang'ania, unajisokota kama springi, kisha unajiachia ghafla, na mshale unafuata vituko hivyo. Dalili yako ya mwanzo ndiyo hii, kwa hiyo huenda una matatizo mawili, si moja.

Kuna mtego mmoja hapo. Saa ikigoma kuzunguka kwa kutu, nayo inaweza kuikata kebo. Ukiweka kebo mpya bila kuikagua saa, mpya nayo itakatika ndani ya siku chache na utamlaumu muuza spea bure.

Pima hivi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka gogo au tofali chini ya injini mpaka tairi la mbele linyanyuke. Fungua nati ya kebo pale nyuma ya saa. Nyingi zinafunguka kwa vidole, ikigoma tumia plaizi yenye kitambaa usije ukaikata meno. Mwambie mtu azungushe tairi kuelekea mbele, wewe tazama ncha ya waya wa ndani.

Ncha inazunguka: saa ndiyo mbovu. Haizunguki: vuta waya wa ndani taratibu. Kebo nyingine waya unatokea juu, nyingine chini, ukigoma usilazimishe. Ukitoka kipande, umekatika. Ukitoka mzima, fungua kebo pale kwenye habu, mulika tochi ndani ya tundu, zungusha tena tairi. Ndani kuna kipande chenye mkato ambamo ulimi wa kebo, ile ncha yake ya chini, unakaa. Kisipozunguka, gia ya spidi ndiyo imekufa au haishikani na habu.

Mwisho, chukua waya mfupi au bisibisi ndogo inayoenea kwenye tundu la mraba nyuma ya saa, uzungushe kwa vidole. Unatakiwa kuzunguka laini bila kukwama, na ukisokota haraka mshale unastuka kidogo. Ukikwaruza au kulia kama panya, saa inahitaji huduma kabla hujaivisha kebo.

Dogo_Oili

Mbona rahisi, pulizia WD-40, yale mafuta ya kopo, kule nyuma kwenye tundu la saa, mshale utaamka wenyewe.

Spana_Kumi

Dogo, hapana. WD-40 ni nyepesi mno, inapanda kwenye mhimili hadi kwenye sumaku na kikombe. Nafasi kati ya vitu viwili hivyo ni ndogo sana. Majimaji hayo yakishika vumbi humo yakawa mazito, kikombe kinaburutwa na uchafu badala ya sumaku, na mshale unakimbilia 120 pikipiki ikiwa inatoka geti. Halafu inafifisha rangi ya uso wa saa.

Kwa_Ndevu

Asanteni. Nimepima leo. Waya wa ndani umetoka mzima, ila ulimi wa chini umetafunwa, kingo zimekuwa duara. Tundu la kwenye habu halizunguki kabisa tairi likizungushwa. Na tairi likizunguka kuna mkwaruzo mdogo wa chuma upande wa breki. Saa nimeizungusha kwa bisibisi, ni laini, mshale unastuka.

BiGrisi

Mdogo wangu, huo mkwaruzo ndio jibu. Saa yako ni nzima. Spidomita iliuawa siku ya pancha.

Ndani ya sahani ya breki ya mbele, ile inayobeba breki shuu, kuna gia kubwa ya duara iliyozunguka ekseli. Juu yake kuna kibati chembamba chenye masikio mawili. Masikio hayo yanatakiwa kuingia kwenye mikato miwili iliyomo katikati ya habu. Habu ikizunguka inashika masikio, gia kubwa inazunguka, nayo inasukuma gia ndogo iliyolala kiubavu, na kebo inazungushwa na hiyo ndogo. Anayerudisha tairi kwa haraka anaingiza ekseli masikio yakiwa hayajakaa kwenye mikato, halafu anakaza nati. Nati ya ekseli ina nguvu, masikio ni bati. Yanalala chapati. Tairi linazunguka, gia imesimama, bati linakwaruza.

Kufungua: legeza kwanza waya wa breki ya mbele pale chini, toa skrubu ya kebo ya spidi, toa pini ya kufungia nati kama ipo, fungua nati, chomoa ekseli huku umeshika tairi. Busha ya upande wa pili itadondoka. Itazame imekaa upande gani na imegeukia wapi, piga picha. Wengi wanairudisha kichwa chini halafu tairi linabana.

Chomoa sahani ya breki. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe.

Sasa tazama masikio. Yakiwa yamelala lakini hayana ufa, yanaweza kunyooshwa kwa plaizi taratibu, mara moja tu. Bati likishakunjwa na kunyooshwa mara mbili linakatika. Yakiwa na ufa, tafuta kingine. Dukani mara nyingi kinauzwa pamoja na gia kubwa na ndogo, na kwa pikipiki ya umri huo bora uchukue seti yote. Usichanganye gia kubwa mpya na ndogo ya zamani iliyochongeka, meno hayatalingana.

Gia ndogo inatokea pale inapoingia kebo, ikishikiliwa na pini au skrubu. Itoe, hesabu wosha zake nyembamba na mpangilio wake. Ukiacha wosha moja nje, gia inasogea mbele na nyuma, inatafuna ulimi wa kebo. Huenda ndiyo maana ulimi wako umekuwa duara. Kagua meno: ya plastiki yakiwa meupe kwenye mizizi au yamechongoka kama msumeno, badili.

Osha gia kwa mafuta ya taa, lakini breki shuu ziondoe kwanza ziweke mbali, na uso wa ndani wa dramu usiguswe na mafuta. Hapa hakuna mjadala. Breki shuu iliyolowa mafuta haisafishwi kwa msasa ikapona, inabadilishwa.

Angalia sili ya mpira inayotenganisha gia na breki. Ikiwa imekakamaa au mdomo umechanika, nunua mpya. Pembeni yake imeandikwa namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Nenda nazo dukani, usiende na jina la pikipiki. Wanaopita Jangwani maji yakiwa yamejaa wazingatie hapa: tairi likizama nusu, maji ya Mto Msimbazi na mchanga wake yanaingia kwenye hiyo gia, yanaosha grisi na kuacha msasa. Baada ya mafuriko kama hayo gia ifunguliwe isafishwe, isisubiri ilie.

Grisi: ya beringi, ya lithiamu, nusu kijiko cha chai inatosha kabisa kwa gia zote mbili. Ukishindilia mpaka ijae, ikipata joto inatafuta njia ya kutoka, na njia iliyo karibu ni breki yako.

Kurudisha. Shika tairi limelala, dumbukiza sahani ya breki ndani ya dramu, igeuze taratibu kwa mkono huku unaisukuma kidogo. Masikio yakifika kwenye mikato utahisi sahani inazama milimita kadhaa, tap, na inakaa sawa na ukingo wa dramu. Isipozama, usikaze chochote. Igeuze tena. Hiyo "tap" ndiyo kazi yote.

Kisha ingiza tairi kati ya shokapu, na uhakikishe mkato wa nje wa sahani ya breki umekaa kwenye nundu iliyo kwenye mguu wa shokapu. Nundu hiyo ndiyo inayozuia sahani isizunguke unapobana breki. Ukiikosa, siku ya kwanza ukishika breki kwa nguvu sahani itageuka pamoja na tairi, itakata kebo, itakata waya wa breki, na tairi litafunga ukiwa barabarani. Mara mbili tazama hapo, mara ya tatu papasa kwa kidole.

Ingiza ekseli, kaza nati kwa mkono, zungusha tairi, kaza tena huku tairi linazunguka. Likianza kubana, simama, masikio yametoka. Mwisho wa kukaza, pikipiki nyingi za cc 125 ni Nm (nyutonimita) 50 hadi 60. Pini weka mpya. Kebo iingize huku tairi linazunguka polepole, utahisi ulimi unadumbukia kwenye mkato na waya unaanza kusokota vidoleni. Ndipo ukaze skrubu. Rekebisha breki hadi mkono wa breki kwenye usukani uwe na mchezo (kulegea kabla breki haijashika) wa milimita 20 hadi 30 kwenye ncha yake. Ijaribu kwa mwendo wa kutembea kabla hujatoka nje ya geti.

Na fundi wa pancha mwenyewe mfundishe. Mwambie: "Kaka, sikiliza sahani izame kwanza." Hatakasirika.

Babu_Gerezani

BiGrisi kamaliza upande wa tairi, mimi niongeze upande wa kebo na ununuzi.

Ulimi uliotafunwa haufai tena, nunua kebo. Nenda nayo ya zamani mkononi, zilaze sambamba juu ya kaunta. Linganisha mambo manne: urefu wa ganda, uzi wa nati ya juu, umbo la ncha ya juu (mraba) na umbo la ncha ya chini (ulimi). Kebo fupi kwa sentimita 5 itavutika usukani ukikata kona. Ndefu kupita kiasi itajikunja na kuugusa mfumo wa moshi.

Jambo la tano wengi hawaliangalii: waya wa ndani unatokeza kiasi gani juu. Ukisukuma waya mpaka chini, ncha ya mraba itokeze kwenye nati sawasawa na ilivyokuwa kwenye kebo ya zamani, mara nyingi ni kama sentimita 1. Ukitokeza zaidi unaisukuma sumaku juu igusane na kikombe, na mshale unaruka mpaka mwisho au pini inavunjika. Ukiwa mfupi unateleza ndani ya tundu, na baada ya mwezi tundu la saa nalo limekuwa duara. Hapo ndipo unahitaji saa mpya kweli.

Kulainisha: chomoa waya wa ndani hata kama kebo ni mpya, nyingi zinakuja kavu au na mafuta ya kuzuia kutu tu. Paka grisi nyepesi, filamu tu ya kuonekana kidoleni, kuanzia chini. Sentimita 15 za juu ziache kavu. Waya ule umesukwa kwa kuzungushwa, kwa hiyo ukizunguka unafanya kazi kama skrubu na unaweza kupandisha grisi hadi kwenye saa. Saa nyingi za zamani zimekufa kwa wema wa mwenye kopo la grisi.

Njia yake: ipite kwenye vishikizo vyake vyote, ikunje kwa upole, mviringo usipungue kipenyo cha sentimita 30 hivi. Ukimaliza, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kisha kandamiza shokapu za mbele. Kebo isivutike wala isibanwe popote. Kwa waliopo Kigamboni, Msasani na Kunduchi, chumvi ya hewa inaila nati ya juu, ipake grisi kwa nje isije ikagandamana na saa.

Saa iliyotumika. Kama siku moja utahitaji kununua ya mtumba kule Ilala au Gerezani, usiulize tu "ni ya CG?" Soma uso wake. Nyingi za Kijapani za zamani zinakwenda kwa mizunguko 1400 ya kebo kwa kilomita 1, na nyingine zimeandikwa hivyo usoni kwa herufi ndogo. Saa za Ulaya na baadhi ya hizi za kuungaunga ni 1000 kwa kilomita, utaona K=1 au W=1.0. Hesabu ni hii: gia yako ikitoa mizunguko 1400 na saa inategemea 1000, ukiwa mwendo wa kweli wa 50 itakuonyesha 70. Kinyume chake ni hatari zaidi: gia ya 1000 na saa ya 1400, mwendo wa kweli ni 50, yenyewe inasema 36. Utajiona mpole, tochi itakuona vingine.

Kupima gia yako inatoa ngapi ni kazi ya dakika mbili. Tairi la 2.75-18 likiwa limebeba mtu linasafiri kama mita 1.85 kwa mzunguko mmoja, yaani mizunguko 540 kwa kilomita. 1400 gawanya kwa 540 ni 2.6 kasoro kidogo. Weka alama ya chaki kwenye tairi, bandika kijipande cha selotepu kwenye ncha ya juu ya kebo kama bendera, zungusha tairi mara 10 taratibu. Bendera ikizunguka mara 26 hivi, gia ni ya saa ya 1400. Ikizunguka mara 18 au 19, ni ya saa ya 1000.

Na saa ikishakuwa mkononi, ijaribu hapohapo kwenye duka lenye drili ya betri. Ncha ya mraba kwenye drili, gia ya chini, mara nyingi ni kama mizunguko 400 kwa dakika: saa ya 1400 isome karibu na 17. Ukiweka gia ya juu ya mizunguko 1400 isome 60. Mshale ukijibana tu kwenye sifuri, geuza mwelekeo wa drili. Kila saa ina upande wake.

Kabla ya kubadili saa, andika kilomita za ile ya zamani na tarehe kwenye kitabu cha huduma. Kurudisha namba nyuma ili pikipiki iuzike ni utapeli, na oili yako nayo utaikosea muda.

Kwa_Ndevu

Mzee, shukrani sana. Je, kioo cha saa kina ukungu wa maji kwa ndani. Nifungue?

Babu_Gerezani

Angalia kwanza mipira ya vishikio vya balbu nyuma ya saa. Mara nyingi mmoja haupo, mvua ya masika inaingilia hapo. Toa balbu zote, iache saa juani nusu siku matundu yakitazama chini, ukungu utatoka. Rudisha na mipira mizima. Balbu nazo soma ubavuni kabla ya kununua. Nyingi ni 12V na wati 1.7 au 3.4, ila zipo pikipiki za zamani za 6V. Ukiweka balbu kubwa zaidi inayeyusha kishikio.

Kufungua saa iliyobanwa kwa ringi ya bati ni kazi ya mwisho. Ikibidi, inua ukingo wa ringi milimita kwa milimita kwa bisibisi bapa iliyofungwa selotepu, zunguka saa yote, usiinue sehemu moja. Mshale usiung'oe kabla hujauinua juu ya kile kijiti cha sifuri na kuuacha upumzike. Mahali utakapotulia, chini ya sifuri, weka alama ndogo ya penseli. Wakati wa kurudisha uanzie hapo, la sivyo spidi zote zitakuwa za uongo. Ung'oe kwa vijiko viwili vya chai, kimoja kila upande, ukiwa umeweka karatasi chini yake kulinda rangi. Mafuta ni tone 1 la mafuta ya cherehani kwenye busha ya mhimili wa sumaku. Springi na kikombe visiguswe. Ukifunga tumia silikoni isiyonuka siki, kwa sababu ile yenye harufu ya siki inatoa mvuke unaokula shaba na bati humo ndani.

Njia_Panda

Mimi nijibu lile swali la tatu maana mmelisahau.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka 50 kwenye maeneo ya makazi, na kuharibika kwa spidomita si utetezi mbele ya trafiki. Kwa siku hizi chache tumia simu, programu yoyote ya GPS inayoonyesha mwendo. Ukienda mwendo mmoja barabara iliyonyooka inasema kweli kuliko spidomita nyingi. Ila inachelewa sekunde moja au mbili ukiongeza au kupunguza, na inababaika kati ya maghorofa ya Posta au ukiwa chini ya daraja la Kijazi pale Ubungo. Usiitegemee wakati unafunga breki kukaribia tochi.

Simu yenyewe usiifunge kwenye usukani kwa muda mrefu. Mtikisiko wa injini ya pikipiki unaweza kuua kamera zenye lenzi inayojituliza. Apple walitoa tahadhari hiyo wenyewe mwaka 2021. Na vibaka kwenye foleni mnawajua. Iweke mfuko wa kifuani, washa inayotamka mwendo kwa sauti, sikia kwa spika ya masikio upande mmoja.

Bila simu: kilomita 1 kwa sekunde 72 ni 50. Sekunde 90 ni 40. Kwenye mita 200 ulizopima, sekunde 14 na kidogo ni 50. Fanya mara mbili tatu Jumapili asubuhi kwenye kipande kisicho na matuta, gia ya juu, kariri mlio wa injini. Mlio haudanganyi alimradi gia ni ileile.

Ukipenda suluhisho la kudumu pembeni, mita ya baiskeli ya waya inafaa: sumaku kwenye spoki, kihisio kwenye mguu wa shokapu, nafasi kati yao milimita 2 au 3. Inadai mzingo wa tairi kwa milimita. Usiusome kwenye jedwali. Weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya pikipiki, sukuma mbele mizunguko 2 kamili, pima, gawanya kwa 2. Utapata kama 1850. Hakikisha unachagua inayokubali mwendo mkubwa, kwa kuwa nyingine zinaishia 99.

Kwa_Ndevu

Wakuu, masikio yalikuwa yamelala yote mawili, moja lina ufa. Nimeweka seti ya gia, sili na kebo. Sahani imezama kwa ile "tap". Mshale umetulia, kilomita zinatembea. Ila GPS ikisema 50, saa inasema 55. Nirekebishe?

Babu_Gerezani

Acha hivyo. Spidomita hutengenezwa zisome juu kidogo ya mwendo wa kweli, zisisome chini kamwe. Asilimia 10 ni kawaida kwa saa ya umri huo. Ingekuwa inasema 45 kwenye 50 ndiyo tungeongea, sumaku ingekuwa imechoka.

Tairi la mbele likiisha ukaweka 3.00-18, mzingo utaongezeka kama asilimia 2, na hiyo 55 itakuwa 54.

BiGrisi

Baada ya kilomita 100 rudi kwenye nati ya ekseli uikague, halafu vua sahani uangalie kama grisi imetokea upande wa breki shuu.